Dalali kaibiwa mteja, hasara kabebeshwa mpangaji

Mjomba wangu ni dalali. Siyo wa mnada wala wa mahkama, ni dalali wa nyumba na fremu pale Mwanakwerekwe, na kazi hiyo anaifanya tangu mimi sijaanza skuli. Ofisi yake ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme, hatua chache kutoka sokoni, na daftari lake ni kichwa chake. Mwulize chumba na ukumbi maeneo ya Kinuni, atakutajia vinne bila ya kufungua simu, na cha tatu atakwambia usikichukue kwa sababu mwenye nyumba ana tabia ya kufunga maji.

Mwezi uliopita nilimkuta amekaa kimya. Mjomba akikaa kimya ujue kuna pesa imepotea.

Kisa chenyewe ni hichi. Alimpata mteja, mfanyabiashara wa vitambaa, anataka fremu inayotazama upande wa soko jipya. Mjomba kamzungusha wiki tatu, fremu saba, juani, kwa miguu, kwa sababu yule bwana alikuwa hapendi kupanda boda. Fremu ya saba ikampendeza. Mwenyewe yuko Fuoni, mjomba kampeleka mpaka barazani kwake, wakaamkiana, wakatajiana kodi: laki tatu na nusu kwa mwezi, malipo ya miezi sita. Udalali wa mjomba ni mwezi mmoja, kama desturi. Mteja akasema, "Mzee, n'takupigia kesho kutwa."

Siku ya nne mjomba anapita, fremu iko wazi, masanamu ya plastiki yamevishwa mabaibui.

Kumbe kijana mmoja aliyekuwa akija kunywa kahawa pale pale kwenye benchi alishaichukua namba ya mteja. Alimpigia usiku akamwambia yule mzee anakutoza mwezi mzima, mimi nipe nusu tu nakumalizia kesho. Mteja akaona kapata nafuu. Kijana akaenda kwa mwenye fremu akasema mteja ni wake, mzee kamwachia. Kisha akamtajia mteja kodi ya laki nne, akisema mwenyewe kapandisha, na pesa zote zikapitia mkononi mwake.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye mas-ala. Kwa mjomba yule bwana angelipa 2,100,000 za kodi na 350,000 za udalali, jumla 2,450,000. Kwa kijana kalipa 2,400,000 za kodi na 200,000 za "nusu udalali", jumla 2,600,000. Amekimbia udalali wa mwezi mzima akaenda kulipa laki moja na nusu zaidi, na hajui. Kijana kapokea laki mbili zinazoonekana na laki tatu za cha juu zisizoonekana. Mwenye fremu kapata yake ile ile. Mjomba kapata jua.

Mteja alikuja kujua baadae, alipokutana na mwenye fremu kwa mambo ya mita ya umeme na mazungumzo yakafika kwenye kodi. Na unajua alikwenda kulalamika wapi? Kwenye benchi la mjomba. Mtu aliyemtoroka dalali amerudi kwa dalali yule yule kumshitakia dalali mwengine. Mjomba kamwagizia kahawa. Mimi ningemwagia.

Vijana wenzangu, nnajua wengi wenu mnaosoma hapa mnaifanya kazi hii, au mtaifanya. Ajira tunazijua zilivyo. Mtu kamaliza chuo, cheti kiko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, mkononi ana simu na bando la wiki. Kuuza mtaji hana, lakini kupiga picha ya nyumba ya mtu na kuiweka kwenye status anaweza. Basi leo Mwanakwerekwe, Meli Nne, Tomondo, Kwarara mpaka Mombasa (Mombasa yetu hii ya kwa Mchina, siyo ya Kenya) kila baraza lina dalali na kila dalali ana dalali wake. Nyumba moja inapostiwa na watu sita. Wa kwanza anaijua, wa pili anamjua wa kwanza, wa sita hajui hata mlango unatazama wapi, ila anataka elfu kumi ya kuoneshea.

Na watu wanazidi. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka karibu laki sita, na sehemu kubwa tumejazana Mjini Magharibi, tumepanga. Kila anayehama shamba, kila anayevuka kutoka Pemba, kila anayeoa na kushindwa kujenga, anapita mkononi mwa dalali. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ugomvi wa madalali ni wao wenyewe kwa wenyewe. Sote tumo ndani ya huo ugomvi, na tunaulipia kila miezi sita.

Hapa inanibidi niseme jambo langu mwenyewe, kwa sababu nikiendelea kumsema yule kijana wa kahawa peke yake nitakuwa mnafiki.

Mwaka jana mwisho wa muhula nilikuwa natafuta pesa ya vitabu. Rafiki yangu akanikutanisha na dada mmoja muuguzi, kahamishiwa Unguja kutoka Pemba, anatafuta vyumba viwili karibu na njia ya daladala. Katika mazungumzo akaniambia kuna mama mmoja dalali anamtembeza wiki ya pili sasa, na kuna nyumba ameiona na kuipenda, lakini mama anataka laki moja na nusu, ambayo ndiyo kodi ya mwezi. Nikamwuliza nyumba iko wapi. Akanieleza. Mwenyewe namjua, ni mtu anayejuana na mjomba. Nikamwambia, "Dada, achana naye huyo, mimi nakupatia nyumba hiyo hiyo kwa elfu sabini."

Ikawa. Siku mbili tu. Nikajiona mjanja, nikanunua vitabu, na viwili kati ya hivyo ni vya sheria ya mikataba. Cheka tu.

Yule mama alinipigia simu. Sikuitambua namba, nikapokea. Hakunitukana. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma sheria?" Kisha akakata.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuja miezi minne baadae. Mwenye nyumba alimtoa yule muuguzi kwa sababu kijana wake anaoa na anahitaji vyumba. Kodi ilikuwa imelipwa ya miezi sita. Akarejeshewa ya mwezi mmoja, ya mwezi wa pili akaambiwa asubiri, na bado anasubiri. Akanipigia: "Dada, ile karatasi yetu iko wapi?" Karatasi gani? Hatukuandika kitu. Nilikuwa na haraka ya kuifunga biashara kabla yule mama hajajua. Mtu anayekimbia na kitu cha mwenzake hasimami njiani kuandika mkataba.

Na tufike hapa polepole, sisi khasa wa chama hichi. Miaka yote tumepiga kelele kuhusu sharti la kukaa jimboni miezi 36 ndipo mtu aandikishwe kupiga kura. Tumesema masheha wanawakana watu, na sheha, tunajua, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na sisi. Sawa. Lakini mpangaji anayehamishwa kila baada ya miezi minne, asiye na mkataba wala risiti, atathibitisha vipi kama alikuwa anaishi hapo? Anakwenda kwa sheha na maneno matupu. Yule dada niliyempangisha mimi, mkereketwa wetu mzuri tu, hana kipande cha karatasi kinachosema aliishi Mwanakwerekwe. Nani kamnyima? Safari hii siwezi kumtaja sheha.

Sasa niseme yale tunayofundishwa, nikiahidi sitowachosha.

Wengi wetu mitaani tunaamini dalali hana sheria. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, tumeirithi tangu zama za Muingereza, na mama yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Ndani yake mna habari ndefu ya wakala na yule anayemtuma. Wakala anatakiwa atoe hesabu. Wakala akijinufaisha kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa, aliyemtuma ana haki ya kuidai ile faida. Wakala aliyeifanya kazi kwa udanganyifu anaweza kukosa hata ule ujira wake wa halali. Kwa lugha ya benchi, ile laki tatu ya cha juu inaweza kudaiwa, na hata zile laki mbili za udalali ziko mashakani. Yule bwana wa vitambaa angekuwa na ushahidi wa nani alimtuma nani na kwa makubaliano gani, angekuwa na pa kuanzia. Mahkama ziko hapo hapo Mwanakwerekwe, hahitaji hata nauli.

Ushahidi huo hana.

Je, mjomba naye? Mimi nilikwenda mbio kumtafutia kesi, nikiwa na hakika sheria itasema aliyeonesha kwanza ndiye mwenye haki. Nikaikuta kesi ya Uingereza ya 2008, Foxtons dhidi ya Bicknell. Foxtons ni kampuni kubwa ya udalali ya London. Ilimwonesha mwanamke mmoja nyumba, hakuvutiwa. Baadae dalali mwengine akamrejesha kwenye nyumba ile ile, safari hii akainunua. Foxtons wakadai ujira wao, wakisema sisi ndio tuliomtambulisha. Mahkama ya Rufaa ikawakatalia. Kumtambulisha mtu kwenye nyumba hakutoshi, ikasema, lazima umfikishe kwenye kununua. Swali ni nani khasa kaifanya biashara ikafungwa.

Nilipomweleza mjomba akaniangalia muda. "Kwa hiyo Wazungu wanasema na mimi nimwage jasho bure?" Nikamwambia hapana, kwa sababu wewe ulimfikisha mpaka barazani kwa mwenyewe na kodi ikatajwa, wakati yule mwanamke wa London alishaondoka kabisa. Wewe umepika, mwenzako kapakua. Lakini nikamwambia pia na lile asilolipenda: kesi zote hizi zinaanzia kwenye hati. Foxtons walikuwa na mkataba, na mahkama ikabishana juu ya neno moja la mkataba huo. Wewe una benchi.

Halafu kuna hii nyengine, ya zamani zaidi, ya 1853, Lumley na Gye. Huko London mwimbaji mmoja alikuwa na mkataba wa kuimba kwenye ukumbi wa Lumley tu. Gye, mwenye ukumbi mwengine, akamrubuni kwa pesa zaidi avunje mkataba. Mahkama ikasema Gye naye anaweza kushitakiwa, ingawa mkataba wenyewe si wake, kwa sababu kamshawishi mtu kuvunja ahadi yake kwa mwenzake. Nilipoisoma nikasema hii ndiyo dawa ya yule kijana wa kahawa. Nikairudia. Dawa yake inafanya kazi pale tu ilipo ahadi ya kuvunjwa. Mteja wa mjomba hakuahidi kitu zaidi ya "n'takupigia". Mwenye fremu hakuahidi kwamba dalali wake ni mjomba peke yake. Kwa hiyo, na hili linauma, yule kijana aliyemdhulumu mteja kwa cha juu ana la kujibu kwa mteja, lakini kwa wizi wa mteja wenyewe hana kosa unaloweza kulishika kwa urahisi. Amechukua kitu ambacho hakikuandikwa jina la mtu.

Mjomba hakukubali. Mjomba ni mtu wa msikitini, na kwake mambo haya yalishahukumiwa zamani sana kabla ya Foxtons. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya biashara ya nduguye, kama alivyokataza kuposa juu ya posa ya nduguye. Vimewekwa pamoja, mjomba anasema, kwa sababu ubaya wake ni mmoja: watu wameshakaribia kuelewana, wewe unaingia katikati. Na akanikumbusha lile nililokuwa nimelisahau tangu madrasa, kwamba mtu wa mjini alikatazwa kumuuzia mtu wa shamba, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake akasema asimfanyie udalali. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya mipaka ya katazo hilo, mimi si wa kuingia huko. Lakini ukiangalia yanayofanyika Paje, Jambiani na Nungwi, dalali wa mjini akiwa kasimama baina ya mzee mwenye shamba la minazi na mgeni mwenye dola, mzee katajiwa bei moja na mgeni nyengine, unaelewa kwa nini jambo hilo lilihitaji kusemwa.

Nikamwuliza mjomba, na hicho cha juu, wewe hujawahi? Akacheka. Akasema zamani, kidogo. Nikaandika kwamba amekiri.

Wenzangu wawili niliowaonesha rasimu ya makala hii walinijia juu. Mmoja akasema unawapa Serikali sababu. Kesho watakuja na leseni, kesho kutwa na kodi, na vijana wa benchi watafukuzwa wabaki wenye ofisi na viyoyozi. Hoja yake siidharau. Nchi hii tumeshaona mara nyingi "utaratibu" unavyogeuka kuwa mlango wa wenye kujuana. Ardhi yenyewe ni ushahidi: baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa mali ya Serikali, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, na leo mjukuu wa aliyegaiwa eka tatu anamtafuta dalali ampatie chumba kimoja.

Lakini angalia upande wa pili. Serikali hii hii inajua sana kuandika karatasi inapotaka. Mgeni akija kununua fleti kwenye mradi uliopitishwa na ZIPA ana mkataba, ana usajili, na akiwekeza kuanzia dola laki moja ana njia ya kupata hadi kibali cha ukaazi. Kila hatua ina fomu. Muuguzi kutoka Chake Chake anayelipa laki tisa za miezi sita kwa kubana mshahara wake hana fomu hata moja. Mimi nikidai utaratibu nadai huo wa muuguzi.

Na tusijidanganye kwamba haliwezekani. Dubai, ambako nusu ya ukoo wangu uko, tangu 2007 wana chombo cha kusimamia mambo ya majumba, RERA. Dalali ana kadi yenye namba. Pana hati ya mwenye nyumba na dalali, pana ya mnunuzi na dalali, na pana hata hati ya dalali na dalali mwenzake, inayosema nani kaleta nyumba, nani kaleta mteja, na wanagawana vipi. Hiyo ya tatu ndiyo ingemwokoa mjomba na ndiyo ingeniokoa mimi na yule mama. Kenya nao wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1984, Sura ya 533, yenye bodi ya kuwasajili. Kwamba Nairobi bado kuna wanaofanya udalali bila ya kusajiliwa, hilo linajulikana, na ndiyo maana sisemi sheria peke yake inatosha. Nasema daftari la madalali liwepo, liwe la bure au la bei ya soda, lishikwe na watu wenyewe wa kazi pamoja na manispaa, na anayefutwa ajulikane kafutwa kwa nini. Hilo tuliweke kwenye madai yetu. Tumeandika kurasa ngapi za ilani kuhusu mafuta na bandari? Ukurasa mmoja wa mpangaji hautotuua.

Mwenzangu wa pili alisema jambo gumu zaidi. Alisema Salma (siyo jina langu, ndivyo anavyoniita akikasirika, kwa sababu Salma alikuwa mwalimu wetu mkali), wanachama wetu wenyewe wanaibiana wateja kwenye grupu letu la tawi, kwa nini humtaji mtu? Ni kweli. Grupu lilianzishwa kwa ajili ya mikutano, sasa lina picha za vyumba kuliko matangazo ya mikutano, na wiki mbili zilizopita ndugu wawili waliolala pamoja kulinda kituo cha kura walikaribia kupigana kwa ajili ya mpangaji wa banda la uani. Sitaji mtu kwa sababu wa kwanza kutajwa ningekuwa mimi.

Nilichofanya ni kidogo. Niliandika nusu ukurasa. Juu jina la mwenye nyumba na kodi aliyoitaja yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Chini yake jina la mteja na tarehe aliyooneshwa. Kisha udalali ni kiasi gani, unalipwa na nani, na unalipwa baada ya ufunguo kutolewa. Kisha mstari mmoja kwamba mteja akiichukua nyumba hii ndani ya siku thelathini, kwa njia yoyote, udalali ni wa huyu aliyeandikwa hapa. Na pahala pa dalali wa pili akiwepo, na mgao wao. Sahihi tatu, au nne. Kwenye kopi ya mpangaji pana nafasi ya kuandika kodi aliyolipa na miezi yake. Nilipiga kopi hamsini pale karibu na soko, shilingi mia mia.

Mstari wa kodi kwa mkono wa mwenye nyumba ndio uliopigiwa kelele kuliko yote, na si na wenye nyumba. Madalali watatu walizirudisha karatasi walipoufikia. Mmoja akaniambia waziwazi, ukimwonesha mteja kodi ya kweli mimi nitakula wapi? Nikamwambia utakula kwenye udalali. Akasema udalali ni wa sigara. Mwenye nyumba mmoja wa Kinuni naye aligoma kuandika kitu chochote, akahofia mambo ya kodi ya mapato, akasema yeye anapangisha "kwa udugu". Hapo sikuwa na jibu zuri.

Mjomba alizichukua kumi. Ya kwanza ilimchukua dakika ishirini kuijaza kwa sababu miwani aliiacha nyumbani, na mteja akachoka akasema kwani tunafunga ndoa? Ya tatu ilikwenda vizuri. Ya nne dalali wa Tomondo alijaribu kumpitia mteja kwa nyuma, na mteja, nakwambia mteja mwenyewe, akamtumia picha ya karatasi kwenye simu. Yule dalali akanyamaza. Jioni akampigia mjomba akamwuliza karatasi hizo zinapatikana wapi.

Ilibaki yangu. Jumamosi nilipanda daladala mpaka Mombasa kwa yule mama. Nilimkuta anasuka ukili barazani, simu mbili mapajani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kunyanyua macho. Nikamweleza mimi ni nani. Nilikuwa nimetia kwenye bahasha elfu sabini, zote nilizochukua kwa muuguzi, na juu yake ile karatasi moja tupu aione. Akazihesabu noti, akaisoma karatasi mpaka chini, akaikunja akaitia kifuani. Kisha akaniambia bado elfu ishirini, za nauli ya Vespa alizolipa yeye kumtembeza yule dada siku za mvua.

N'tampelekea mwisho wa mwezi.